Kumfuata Tárrega kwa Treni, Kutoka Barcelona hadi Granada

Wengi wetu tulimsikia Francisco Tárrega, mtunzi na mpigaji gitaa wa Uhispania, kabla ya kulijua jina lake, kwa kuwa mlio maarufu wa simu za Nokia ulichukuliwa kutoka katika Gran Vals, utunzi wake wa gitaa wa mwaka 1902. Jambo hilo lina kejeli yake, maana bwana huyu alipenda zaidi kupiga gitaa mbele ya marafiki wachache sebuleni kuliko katika kumbi kubwa. Nilipokwenda Uhispania niliamua kuyafuata maisha yake kinyumenyume, nikianzia Barcelona, alikofariki tarehe 15 Desemba 1909.

Katika Museu de la Música, jumba la makumbusho la muziki mjini humo, nilisimama kwa muda mrefu mbele ya magitaa ya Antonio de Torres, fundi kutoka Almería. Gitaa la kabla yake lilikuwa dogo na sauti yake hafifu; Torres alilipanua umbo, akaufanya ubao wa mbele kuwa mwembamba, kisha akautegemeza kwa ndani kwa vijiti vilivyotandazwa mfano wa upepeo. Tárrega alipata gitaa la fundi huyo mwaka 1869, akiwa bado kijana, na naamini kwamba bila chombo hicho asingetunga kama alivyotunga, kwa sababu kazi zake hudai sauti idumu hewani baada ya kidole kuuacha uzi. Katika miaka yake ya mwisho alikata hata kucha na kupiga kwa nyama ya kidole tupu, akitafuta sauti laini zaidi ingawa ni ndogo. Mwanafunzi wake Emilio Pujol alimfuata katika hilo, ilhali Miguel Llobet, mwanafunzi mwingine aliyesifika, aliendelea kutumia kucha. Wapigaji wa gitaa wamebishana juu ya suala hilo tangu wakati huo.

Kutoka Barcelona reli huelekea kusini kando ya Bahari ya Mediterania na kupita Benicàssim, mji wa ufukweni ambako tangu mwaka 1967 hufanyika shindano la kimataifa la gitaa lenye jina la Tárrega. Nilishuka Castellón, ambako mabaki yake yalihamishiwa mwaka 1915, na baada ya kulizuru kaburi nikaendelea hadi Vila-real, mji wa jirani alikozaliwa tarehe 21 Novemba 1852. Eneo hilo ni la michungwa na viwanda vya vigae, na mashamba yake hunyweshwa kwa mifereji. Mfereji ndio ulioyageuza maisha yake: inasimuliwa kwamba akiwa mtoto mdogo alitumbukia katika mmoja wao na macho yake yakadhurika yasipone kabisa. Baba yake, akihofia kwamba mwanawe angepofuka, aliihamishia familia Castellón ili kijana ajifunze muziki, kazi ambayo hata asiyeona angeweza kuishi kwayo, na walimu wake wa mwanzo walikuwa wanamuziki vipofu. Macho hayakumzuia, lakini mkono ulimsaliti baadaye: mwaka 1906 alipata kiharusi kilichomlemaza upande wa kulia, upande wa vidole vinavyochapa nyuzi.

Granada niliiacha mwisho kwa ajili ya Recuerdos de la Alhambra, yaani Kumbukumbu za Alhambra, utunzi wake mwingine wa gitaa. Ndani ya Alhambra, kasri la watawala Waislamu wa ukoo wa Nasr, maji yako kila mahali, na waongozaji wa watalii hupenda kusema kwamba mtunzi aliiga chemchemi. Mimi sikushawishika. Nakala ya mkono ya mwaka 1899 iliuita utunzi huo wimbo wa Kiarabu uliobuniwa papo hapo kwa ajili ya Granada, bila kutaja maji hata kidogo. Isitoshe, katika Ua wa Mihadasi, mojawapo ya viwanja vya ndani ya kasri hilo, maji yametulia tuli, hayana mtetemo wowote.

Mtetemo uliomo katika utunzi huo ni wa vidole. Gumba hupiga besi, kisha kidole cha pete, cha kati na cha shahada huuchapa uzi mmoja kwa zamu, haraka kiasi kwamba sikio hudhani sauti haikukatika; hivyo gitaa, ambalo sauti yake hufifia mara tu baada ya kupigwa, huonekana kuimba kwa pumzi ndefu. Sehemu ya kwanza iko katika ufunguo mdogo wa A, kisha muziki hufunguka katika ufunguo mkubwa wa A. Wapigaji wengi hushindania kasi ya vile vidole vitatu, lakini nilipousikiliza tena nikiteremka mlima kuelekea mjini, nilijikuta nikilifuata gumba, ambalo hutembea polepole chini yao na ndilo linalobadilisha rangi ya kila sentensi.