Nepeta kwenye bustani ya nyuki, Denver: maji kidogo, mkasi kwa wakati

Denver, Colorado, hupata mvua na theluji ya chini ya milimita 400 kwa mwaka. Mwinuko wake unakaribiana na wa Nairobi, lakini kufanana kunaishia hapo: udongo ni mfinyanzi mzito, na Januari ardhi huganda. Nepeta, jamaa ya mnanaa na mrihani yenye majani ya kijivu na maua ya zambarau-buluu, huvumilia yote hayo. Ndiyo ninayoanza nayo ninapotaka nyuki wapate chakula kuanzia Mei bila kufungua bomba kila jioni.

Natumia aina ya 'Walker's Low'. Hufika sentimita 60 hadi 75 kwenda juu na hutanuka hata 90, kwa hiyo naacha sentimita 75 kati ya mche na mche. Ni chotara tasa, haijioteshi ovyo kwa mbegu. Ile inayopendwa zaidi na paka, Nepeta cataria, humwaga mbegu kila mahali, na siipandi. Ninaponunua miche nauliza kama imetiwa neonikotinoidi, dawa za kuua wadudu, kwa sababu dawa hizo husambaa ndani ya mmea mzima mpaka kwenye chavua na nekta. Muuzaji akibabaika, sinunui.

Napanda jalidi ya mwisho ikishapita, katikati ya Mei, au mapema Septemba ili mizizi ishike kabla ya baridi. Mahali pawe na jua saa sita au zaidi kwa siku. Kwenye mfinyanzi nainua tuta la sentimita 15 hadi 20, kwani kinachoua nepeta majira ya baridi mara nyingi ni maji yaliyotuama shinani. Shimo liwe na kina cha kopo la mche na upana mara mbili, na shingo ya mmea, pale shina linapokutana na mizizi, ibaki juu kidogo ya udongo. Shimo nalirudishia udongo uleule. Ukilijaza mboji katikati ya mfinyanzi, maji huingia na kukaa kama kwenye beseni, na mizizi haitoki nje. Mchanga nao usichanganye na mfinyanzi, utapata tofali. Juu natandaza kokoto ndogo, unene wa sentimita 5, mbali kidogo na shina. Matandazo ya vipande vya mbao hushika unyevu mno kwa mmea huu.

Kustahimili ukame kunakuja baada ya mizizi kushuka. Wiki mbili za kwanza kila mche hupata lita 4 hivi kila baada ya siku mbili au tatu, kisha mara moja kwa wiki mpaka msimu uishe. Mwaka wa pili, mvua ikikosekana, kila baada ya wiki mbili au tatu inatosha. Wengi husahau majira ya baridi yasiyo na theluji: mche mchanga hukauka ukiwa umepumzika bila kukua. Siku yenye joto zaidi ya nyuzi 4, na ardhi haijaganda, naumwagilia adhuhuri, mara moja au mbili kwa mwezi.

Mbolea siweki kabisa. Naitrojeni ikizidi mashina hurefuka yakiwa laini, na kichaka hupasuka katikati na kulala chini. Kivuli na maji mengi huleta matokeo yaleyale. Kikishalala, usihangaike na kamba, kikate.

Na kukata ndiko kunakoamua mavuno ya nyuki. Maua ya kwanza yakianza kufifia, mwishoni mwa Juni, napunguza kichaka hadi nusu, nikiacha majani mabichi chini. Machipukizi mapya hutoka na maua hurudi baada ya wiki chache. Ila sikati vyote kwa pamoja: nusu ya vichaka leo, nusu nyingine baada ya wiki mbili, ili wale nyuki wakubwa wenye manyoya, ambao ni wenyeji wa huku (nyuki wa asali waliletwa kutoka Ulaya), wasikute bustani tupu.

Majira ya majani kupukutika yakifika naacha mashina makavu yasimame. Hunasa theluji na kukinga shingo ya mmea. Mwishoni mwa Machi au Aprili, vijani vya kijivu vikionekana chini, nakata yote yabaki sentimita 5 hadi 8.

Kulungu na sungura kwa kawaida huipita kwa sababu ya harufu. Paka ndio shida, hasa mche mchanga ukiguswa na kutoa harufu. Hugaagaa juu yake mpaka auvunje. Naufunika na wavu wa waya mpaka ushike.

Ukitaka kuongeza, chukua vipande vya ncha za mashina visivyo na maua, vya sentimita 8 hadi 10, toa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga mnyevu kivulini. Mizizi hutoka ndani ya wiki mbili hadi nne. Kichaka cha miaka mitatu au minne kilichokufa katikati nakichimba majira ya kuchipua, nakigawa kwa sepetu, natupa kitovu na kupanda vipande vya pembeni.