Siku moja maishani mwangu: paipu mbili za turbo, Nyakato, Mwanza

Saa 1:15 asubuhi. Nafungua gereji. Neno gereji linatupendelea kidogo: ni bati, mwembe, shimo la kuingilia chini ya gari na kontena la kufungia spana. Dogo anafagia na kumwaga mchanga palipovuja oili usiku. Chai, chapati mbili kwa mama lishe, deni la jana nalilipa kwa simu.

Saa 2:00. Kazi ya leo ipo tangu jana jioni: Subaru Forester ya turbo, ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kusukumia injini hewa. Mwenye gari ni mzee mmoja mfanyabiashara wa Sengerema, kaja kwa Daraja la Kigongo–Busisi, na ananikumbusha kwamba enzi za kivuko asingethubutu kuleta gari inayochemsha. Lalamiko lake: maji yanapungua kila siku, lakini chini ya gari hakuna hata tone. Akisimama kwenye foleni anasikia harufu tamu ya kitu kinachoungua. Huko alikopita ameambiwa ni gasketi ya silinda hedi, na alikuwa amekaribia kuuza shamba.

Jana nilipovua kava la joto nikaona mwizi wake. Paipu ya chuma inayopeleka maji kwenye turbo, unene wa kidole cha mwisho, imeliwa na kutu mpaka inatokwa jasho. Tone linadondokea kwenye nyumba ya turbo yenye moto mkali, linakauka kabla halijafika chini. Paipu ya oili iliyo jirani nayo imeanza kuvimba magamba. Hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi. Maji yakivuja gari inachemsha, lakini oili ikivujia ekzosi iliyoiva, gari inawaka moto.

Watu wa hapa wanapenda kulisingizia ziwa. Victoria ni maji baridi, halina chumvi ya bahari, kwa hiyo tuliache. Magari haya mengi tunayapokea yakiwa yametumika Japani, na yaliyotoka upande wa theluji yamekanyaga chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Ukilala chini ya hii utaiona imekula hadi boliti. Halafu ikifika kwetu tunamalizia wenyewe: tunaongezea maji ya bomba kwenye rejeta badala ya kulanti, maji maalum yenye dawa ya kuzuia kutu, mwaka baada ya mwaka. Nje chumvi, ndani maji ya bomba, katikati moto wa turbo.

Saa 3 hadi saa 4 navua intakula (kipoza hewa ya turbo), mipira ya hewa na makava. Boliti zote kwenye kopo moja, dogo ana kazi ya kuzipanga.

Saa 4:30. Paipu mpya zinatoka Dar kwa basi. Sikutaka za mtumba, maana ukichomoa paipu kwenye gari iliyozeeka sawa na hii unanunua kutu ileile. Basi limechelewa. Bodaboda tuliyemtuma stendi ya Nyegezi anapiga simu kila baada ya muda kuniambia bado, kana kwamba nimemuuliza.

Saa 5:00 mzee anafika. "Mwangaluka, fundi." Naitikia. Anavuta kiti cha plastiki mpaka kwenye taa ya mbele, anakaa, na hapo ndipo siku inapoanza kuwa ndefu.

"Hivi kapaipu haka ndiko kanakonilaza Mwanza?"

"Ndiyo, mzee wangu."

"Si ukate, uweke mpira, ubane na klipu?"

Nikamweleza kwamba mpira wa kawaida pale utaiva, na wa oili ndiyo kabisa, kuna presha na moto pamoja. Akasema basi tuchomelee. Nikamwonyesha: ukiziba hapa, chuma cha pembeni nacho ni karatasi, kesho kitatoboka. Akanyamaza, akatoa simu, akampigia mpwa wake fundi wa Dar, akaweka spika.

"Anko, hiyo ni kazi ya nusu saa!"

Nikamuuliza kijana kama ameshawahi kuifungua ya Subaru. Akasema yeye yuko kwenye maroli.

Wakati huo mkono wangu uko nyuma ya injini, natafuta boliti ya paipu ya oili kwa kupapasa, maana haionekani. Nimeilowesha dawa ya kutu tangu jana. Haigeuki. Naigonga kidogo, naipasha moto, naiacha, narudi. Boliti hii ikikatikia kwenye silinda hedi, hatuongelei tena paipu, tunaongelea kutoboa na kukata uzi upya. Kwa hiyo huivuti kwa hasira. Unaenda robo mbele, robo nyuma, dawa tena. Jasho linaingia machoni na mzee anauliza kama nimelala. Ilipoachia ilitoa mlio ambao dogo aliusikia akiwa kwenye kontena, akaja mbio akidhani imekatika.

Mchana ulikuwa umeshapita. Ugali na sato nilikula nimesimama.

Paipu zikafika, bila washa za kopa. "Si zipo zilezile?" mzee anasema. Washa ya kopa ikibanwa mara moja inakuwa ngumu, haikai tena vizuri. Dogo akaenda mjini, akarudi na saizi isiyo yake, akaenda tena.

Kufunga hakukunisumbua: boliti zote kwanza kwa vidole, ndipo spana. Kichujio kidogo cha waya kwenye njia ya oili nilikisafisha, kikiziba kinaiua turbo kimyakimya. Nikadondoshea oili kwenye turbo, nikachomoa rilei, yaani swichi, ya pampu ya mafuta, nikapiga stata. Injini inazunguka, haiwaki. Napumzisha, napiga tena.

Mzee kasimama. "Umeniharibia gari!"

Ilibidi nishuke. Shafti ya turbo ikichapa kazi inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na inaelea juu ya oili tu. Ikiwaka kavu, sekunde chache zinatosha kuiua. Kwa hiyo tunasukuma oili kwanza mpaka taa yake ya dashibodi izime. Ikazima. Nikarudisha rilei, ikawaka. Mzee akakaa bila kusema neno, na ninakiri nilifurahi.

Kutoa hewa kwenye maji ndiko kulikotumaliza, unamimina taratibu, unasubiri povu, unamimina. Tuliijaribu hadi Igoma na kurudi jua likiwa limezama. Tochi chini ya turbo: pakavu, hakuna harufu.

Laki na ishirini ya ufundi aliijadili kwa muda mrefu kuliko nilivyofunga paipu. Akatoa laki, iliyobaki atatuma. Akaomba paipu mbovu akamwonyeshe mpwa wake, nikamfungia kwenye gazeti.

Nageuka kufunga kontena, namkuta bombani anajaza dumu. "Ya akiba, fundi, njia ndefu."

Nikalimwaga, nikamjazia kulanti iliyobaki. Akauliza kama na hiyo imo kwenye hesabu.

Nikamwambia imo.