Yoga kwa Mwili Unaouma Kila Mahali

Kwa muda mrefu nilikuwa nikirudi nyumbani na bahasha za majibu yanayosema sina tatizo. Damu ilikuwa safi, picha za eksirei hazikuonyesha kasoro, baridi yabisi haikuwapo, ilhali asubuhi mikono ilishindwa hata kukamua fulana ya mtoto. Wapo walioniambia nadeka. Hatimaye daktari mmoja alilitaja jina fibromayaljia, akanieleza kwamba ugonjwa huu hauonekani kwenye damu wala kwenye picha, kwa sababu misuli yenyewe haijaharibika, bali ubongo na uti wa mgongo ndivyo vinavyozipokea taarifa za maumivu kwa sauti ya juu kupita kiasi. Kwa vigezo vya mwaka 1990 vya kuutambua ugonjwa huu, madaktari walibonyeza sehemu 18 za mwili wakitafuta angalau 11 zenye kuuma. Vigezo vya 2010 viliachana na kubonyeza, vikazingatia kuenea kwa maumivu kwa muda usiopungua miezi 3, uchovu, usingizi usioburudisha na usahaulifu.

Daktari huyo huyo ndiye aliyenishauri nijaribu yoga, huku nikiendelea na dawa. Nilianza vibaya. Darasa la kwanza lilikuwa la watu wenye afya zao, mwalimu akienda mbio kutoka mkao hadi mkao, nami, kwa kuwa siku hiyo nilijisikia vizuri, nikamfuata hadi mwisho. Siku tatu zilizofuata sikutoka kitandani. Simlaumu sana mwalimu, kwani hata mimi sikumwambia kwamba naumwa.

Baadaye nilisoma juu ya utafiti wa chuo kikuu cha afya na sayansi cha Oregon, Marekani, uliochapishwa mwaka 2010, ambapo wanawake 53 wenye fibromayaljia waligawanywa kwa kura: kundi moja likahudhuria vikao vya saa 2 kila wiki kwa wiki 8, na jingine likaendelea na matibabu ya kawaida likisubiri zamu yake. Waliofanya yoga walipata nafuu kubwa zaidi katika maumivu, uchovu na hisia zao. Kilichonigusa ni kwamba mikao ilikuwa ya upole, na sehemu kubwa ya vikao ilitumika kwa pumzi, tafakuri na mazungumzo. Hata hivyo, washiriki walikuwa wachache, tena wanawake watupu, na huenda sehemu ya nafuu ilitokana na kukaa na wenzao wanaowaamini wanaposema wanaumwa; nafuu hiyo naifahamu. Mwongozo wa wataalamu wa Ulaya wa mwaka 2017 nao ulikuwa na tahadhari: mazoezi ya mwili ndiyo pekee yaliyopewa pendekezo lenye nguvu, yoga ikapewa pendekezo hafifu.

Kwangu sasa yoga ni mkeka, blanketi lililokunjwa mara mbili juu yake, na mito miwili ya kochi. Napiga magoti, naketi juu ya visigino, kisha nainama hadi paji la uso litue kwenye mto, kwa sababu nikilishusha hadi sakafuni shingo hulipa usiku. Navuta pumzi kwa hesabu ya nne, naitoa kwa hesabu ya sita. Halafu nalala chali, miguu nikiiegemeza ukutani. Mama mkwe aliponikuta hivyo aliniuliza, kwa adabu lakini kwa wasiwasi, kama hiyo ni ibada ya Kihindi. Nikamwambia, mama, asili yake ni huko, ila mimi nanyoosha mgongo tu na kuhesabu pumzi.

Ninatega kengele ya simu kwa dakika 15. Siku mbaya naizima kabla haijalia. Siku nzuri, inapolia mwili ukiwa umelegea na unataka kuendelea, nakunja blanketi, narudisha mito kwenye kochi, naenda kubandika chai.