Tulivyopokea waathirika wa mafuriko shuleni na vipindi vikaendelea

Tangu masika ya 2024 walimu wakuu wenzangu wananiuliza tuliwezaje kukaa na kaya za waathirika shuleni huku darasa la saba likiendelea na vipindi. Nawajibu kwamba tulikubaliana na kamati ya maafa kabla maji hayajaja, tena kwa maandishi. Wakati tunaanza nilikatishwa tamaa sana. "Mwalimu, maafa si kazi yako, subiri maelekezo." Ushauri huo nauchukia mpaka leo, kwa sababu huku Rufiji mto ukifurika watu hawasubiri maelekezo. Mashamba yako bondeni, wengine wanahamia huko msimu mzima kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo, na shule iko juu kwenye mwinuko. Watapanda shuleni, upende usipende. Walipanda 1998, wakapanda 2020.

Ile 2020 niliona shule moja ya jirani ikitoa madawati yote nje kupisha watu. Yakanyeshewa, kisha yakaishia mafigani. Siwalaumu waliochoma. Mama mwenye watoto wanaotetemeka, na kuni zote zimelowa, atachoma kilicho karibu. Ila wanafunzi wa pale walisoma wamekaa sakafuni muda mrefu baada ya maji kukauka.

Basi Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipotangaza mwaka 2023 kwamba kuna El Niño, niliandika barua ngazi ya juu kuomba kikao. Kimya. Nikaandika nyingine, nikaambiwa linafanyiwa kazi. Nikageukia chini. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inataka kamati mpaka kwenye kata na kijiji, nami mtendaji wa kata naonana naye karibu kila wiki. Nikamwendea na nakala ya sheria hiyo mkononi. Hakubisha hata kidogo. Aliita wenyeviti wa vitongoji, mganga wa zahanati, kamati ya shule na vijana wa Msalaba Mwekundu, na mratibu wa maafa wa halmashauri aliposikia akaja mwenyewe kwa bodaboda. Gharama ilikuwa chai na maandazi, kama elfu hamsini hivi.

Mratibu alikuja na viwango vya Sphere, vile wanavyotumia watu wa misaada: mita za mraba 3.5 kwa kila mtu, lita 15 za maji kwa siku, choo kimoja kwa watu 50 mwanzoni na kwa watu 20 hali ikitulia. Tukapima darasa kwa kamba: mita saba kwa tisa. Yaani watu 18. Mzee mmoja wa kitongoji akasema, "Mwalimu, mwaka ule tulilala sitini humu." Tukakutana katikati, tukaandika kikomo cha watu thelathini kwa chumba, wanaozidi waende kwenye mahema uwanjani. Vyoo vya wanafunzi vibaki vya wanafunzi, kamati ichimbe vingine upande wa chini, mbali na kisima. Madarasa matatu ya mwisho yawe ya kaya, na ufunguo wake mmoja akae nao mtendaji. Madawati yasitoke nje. Tukasaini muhtasari, kila mtu akachukua nakala yake.

Jambo ninalojivunia kuliko yote ni daftari la mahudhurio. Orodha za waathirika ndizo zinazoleta ugomvi kwenye kila mafuriko: mtu ameandikwa kwa jina la baba kwenye kitongoji hiki, kwa jina la utani kwenye kile, na mjane asiye na msemaji hayupo popote. Lakini shule inajua kaya kupitia watoto. Niliwaomba walimu wa madarasa, kabla ya mvua, waongeze karatasi nyuma ya daftari: mtoto anatoka kitongoji gani, nani wanaishi nyumbani, kuna mjamzito, kuna mzee asiyetembea, kuna mtoto mchanga. Watoto hawafichi kitu. Wa darasa la tatu mmoja alitutajia bibi kizee wa nyumba ya pili anayeishi peke yake, ambaye hakuwa kwenye orodha ya mtu yeyote. Maji yalipopanda, vijana wa uokoaji walikwenda kumtoa wakiwa na jina lake na mahali alipo. Na misaada ilipofika, mratibu alikaa na mwalimu wa takwimu, wakapitisha orodha za vitongoji kwenye karatasi zetu, majina mawilimawili yakatoka bila kelele. Kwa kaya zisizo na mwanafunzi, jirani mwenye mtoto shuleni ndiye alithibitisha.

Mwishoni mwa Aprili, wakati Waziri Mkuu wa wakati ule, Majaliwa, analiambia Bunge kwamba mvua zile zimeua watu 155 na kuathiri kaya zaidi ya 51,000 nchini, kwetu kila familia ilikuwa na mraba wake umechorwa kwa chaki sakafuni, madawati yamesimamishwa ubavu kama ukuta, khanga zimetandwa juu yake.

Kuna afisa alipita akaagiza kaya zitoke vyumbani asubuhi watoto wasome, zirudi mchana. Tulimwambia haitawezekana. Akasisitiza, tukajaribu. Mvua ikanyesha saa tatu, wazazi wenye vichanga wakajibana barazani, wazee wakabebwa na magodoro yao kupita katikati ya wanafunzi, na darasa zima likawa linaangalia dirishani. Halikufundishwa neno. Kesho yake mratibu alitoa muhtasari wetu mfukoni, akamsomea kipengele cha vyumba vitatu. Ikaisha. Darasa la kwanza na la pili walihamia madrasa kwa ruhusa ya sheikh, la tatu na la nne wakapokezana chumba, la saba hawakuguswa kwa kuwa mtihani wa Septemba haujui mafuriko.

Kimbunga Hidaya kilipotangazwa mapema Mei, simu ya mratibu ilinifikia mapema. Tukapiga kengele yetu, ile rimu ya lori kwenye mwembe, mapigo mfululizo tuliyokubaliana, mahema yakashushwa na watu wakaingizwa ndani usiku haujafika. Usiku ule hatukuhesabu kikomo.

Kuondoka nako kuandikwe mapema, wengi hulisahau hili. Sisi tuliandika kwamba kamati itafukia vyoo vya muda, itapiga chokaa kuta na kukabidhi vyumba mbele ya kamati ya shule. Chokaa ilichelewa, nikaenda kuidai na muhtasari wangu, ikaja. Tangi la maji waliloahidi bado nalidai, na kabla ya masika mengine tunakaa tena kikao hicho hicho. Safari hii namwalika pia mtu wa Zimamoto, maana namba yao 114 tumeibandika kila mlango lakini watoto hawajawahi kuwaona.