Namba nyuma ya mlango

Binti yangu alipofika miaka 9 alikuwa na neno moja: "Siwezi." Alilitamka kabla hata hajajaribu. Darasani hakunyoosha kidole, na kwenye michezo alijibanza nyuma ya wenzake.

Nikamwandikisha kwenye timu ya mpira ya watoto, nikiamini mazoezi yoyote yatamsaidia. Kumbe nilimwongezea mzigo. Kila walipogawana timu alibaki wa mwisho. Siku moja, nikiwa pembeni ya uwanja, nikamwambia, "Mbona wenzako wanaweza?" Usiku ule alilia hadi akapitiwa na usingizi. Maneno yale yananiuma mpaka leo.

Nikamtoa, nikaanza kusoma. Uchambuzi wa mwaka 2004 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopitia tafiti za afya, uliokusanya majaribio 23, ulionyesha kwamba mazoezi huweza kuinua hali ya watoto na vijana kujithamini, walau kwa muda mfupi. Lakini aliyenifungua macho ni mwanasaikolojia Albert Bandura: kinachomjengea mtu imani kwamba anaweza, kuliko kingine chochote, ni kuwahi kufanikiwa yeye mwenyewe. Nikaelewa kwa nini sifa zangu za kila siku hazikumwingia. Hakuwa na ushahidi wake.

Tukachukua kamba. Kila jioni tuliruka wawili tu, bila watazamaji. Siku ya kwanza aliruka mara 4, kamba ikamnasa. Tukaandika 4 kwenye karatasi nyuma ya mlango. Kesho yake 6. Alishindana na namba yake tu. Iliposhuka tuliiandika vilevile, na naona siku hizo ndizo zilizomjenga zaidi, maana aliishi nayo usiku mmoja au miwili, kisha akaiona ikipanda tena.

Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku kwa watoto wa miaka 5 hadi 17. Sisi tulianza na 10, tukaongeza taratibu.

Kama wiki ya saba hivi akanisimamisha. "Mama, usizungushe kwa mabega. Viwiko viwe karibu na mwili, mkono uzunguke hapa." Akanishika kifundo cha mkono kunionyesha. Nilijikaza nisilie.

Wiki iliyopita nimekuta karatasi ya pili mlangoni, kaibandika mwenyewe bila kuniambia: hesabu za kugawanya. Mstari wa kwanza kaandika, kwa kalamu nyekundu, 3 kati ya 10.