Nilienda spa Zanzibar kwa ajili ya singo tu

Ukisema spa ya hoteli kubwa watu wanawaza mishumaa, muziki wa filimbi na mafuta kutoka Thailand, na kweli nyingi ndo ziko hivyo. Ila Mji Mkongwe kuna hoteli za kifahari zimeweka singo kwenye menyu, na hiyo ndo ilinivusha bahari, masaji ya kawaida hata Dar naipata.

Kwa msioijua, singo ndo anayosingwa bi harusi siku za kuelekea ndoa. Asumini, mawaridi, langilangi, mpompia, rehani, liwa (unga wa msandali) na karafuu kidogo, vinatwangwa pamoja halafu vinalainishwa na marashi, unasuguliwa mwili mzima mpaka nongo zote zinatoka. Nilianza na chumba cha mvuke ngozi ilainike, kisha nikalala kitandani, na mama aliyenihudumia ni wa Pemba, kafundishwa na bibi yake aliyekuwa somo, yaani kungwi wa maharusi. Anaanza nyayoni anapanda taratibu, hana haraka kabisa, kila akifika kwenye kiungo anazungusha kiganja, "tulia mwanangu, mabega haya yamebeba nini?", pembeni chetezo kinafuka udi, jamani nilitaka kulia kwa raha. Baada ya hapo liwa usoni, ikikauka unahisi ngozi inavutwa na ubaridi unaingia.

Mchana bwawa na juisi ya ukwaju, basi.

Jioni nikapita Hamamni, ile hamamu, yaani bafu la umma, aliyoijenga Sultan Barghash aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, siku hizi haifanyi kazi ila vyumba vya kuogea unaviona. Yani haya mambo hapa ni ya zamani sana, hayajaja na watalii. Ndo maana naona hizo hoteli ziandike kabisa kwenye menyu kwamba huu ni ujuzi wa wanawake wa Unguja na Pemba, na wale mama walipwe kama mabingwa, maana bila mikono yao hakuna cha kuuza pale.

Mkienda pigeni simu mapema kwa sababu maua yanatwangwa mabichi, ulizeni kama kuna bei ya wakazi, halafu usiku huo msioge na sabuni, mtaipoteza harufu yote.