Miti, ngeta na daftari langu: mwezi wa tatu

Jumamosi nimemaliza kuhesabu upande wa pili wa barabara yetu hapa Buruburu, Nairobi. Miti 61, bila ua wa kayaba, ule wa vichaka vya miiba. Ramani ya mradi wangu, wa kuona kama miti inaficha wezi au inawafukuza, bado ni karatasi ya manila ukutani: kijani ni mti, nyekundu ni mahali mtu amepigwa ngeta (kukabwa shingo na wezi) au kuporwa simu tangu Januari. Nyekundu ziko 9, zote za kusimuliwa, sijaenda kituoni kuuliza.

Kwa wasiojua mradi ulikoanzia: kikao cha wakazi kilitaka jakaranda ya kona ikatwe, eti wezi hujificha. Mimi nilikuwa nimesoma habari za Chicago. Mwaka 2001 watafiti Kuo na Sullivan walilinganisha majengo 98 ya nyumba za umma, na yaliyozungukwa na miti na nyasi nyingi yalikuwa na uhalifu pungufu kwa asilimia 52 kuliko yale makavu. Nikasimama kikaoni kama wakili. Mzee mmoja akauliza, "Kijana, hao wa Chicago wana kayaba?" Watu wakacheka, nikaketi.

Lakini mzee alinipa kazi: kutenganisha mti mrefu na ua. Donovan na Prestemon, waliochunguza Portland huko Marekani na kuchapisha mwaka 2012, waliona miti mikubwa ikiandamana na uhalifu mdogo, na miti mifupi inayoziba macho ikiandamana na uhalifu zaidi. Manila yangu inaelekea huko huko. Alama 6 kati ya 9 ziko kando ya kayaba moja iliyopita kichwa cha mtu, mahali ambapo taa ya mulika mwizi inamulika majani tu. Chini ya jakaranda, hakuna hata moja.

Nilimwambia hivyo mama mboga anayeuza hapo. "Sasa mwizi atapitia wapi, na mimi niko hapa mpaka saa tatu usiku?" Hapo ndipo nimekwama. Ni mti au ni mama? Fundi viatu anayekaa naye alihamia kwetu kutoka mtaa wa pili, walipokata mti wao jua likamfukuza. Msitu wa Karura nao, hapa Nairobi, enzi za kuogopwa, haukufyekwa ili uwe salama. Uliwekewa ua wa umeme na walinzi, watu wakaanza kuingia.

Jumapili tulishusha kayaba hadi kiunoni, mita 20 kwa saa sita. Miiba yake haina adabu, glavu za bustani ni mapambo. Miche yangu 4 ya Septemba imebaki 2, mbuzi wamepita. Hiyo miwili inatoa matawi chini chini, yaani ninakuza maficho mapya kwa mikono yangu. Nitaipogoa kadiri inavyopanda.

Zimebaki mita 14, na mwenye nyumba ya mwisho amekataa. Anasema aliibiwa mara mbili kabla ya kupanda ua huo, na tangu hapo hajaibiwa tena. Sikuwa na la kumjibu. Nitarudi kwake Alhamisi, bila panga.